Umma Upewe Takwimu Kabla ya Kuulizwa Maoni

Julai 2011, Rais Mwai Kibaki alizindua tovuti ya takwimu huria za serikali, na Kenya ikawa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuchukua hatua hiyo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi.

Lakini mwananchi atautolea maoni Mswada wa Fedha, unaopendekeza kodi za kila mwaka, kwa baruapepe vipi, ikiwa hajaziona hesabu zenyewe? Maandamano ya Juni 2024 dhidi ya mswada wa mwaka huo yalionyesha gharama ya kutosikilizwa.

Wizara ya Fedha ichapishe takwimu mapema, kwa Kiswahili chepesi. Bunge nalo lieleze maoni yapi yamekubaliwa, yapi yamekataliwa, na kwa nini.