Motokaa Haipimwi kwa Mvumo Wake

Msomaji, kila mwaka mashindano ya Safari Rally yanapofika Naivasha, watu hukusanyika kando ya njia za Kedong, Soysambu na Elmenteita, na ubishi wao huwa mzito kuliko vumbi. Huyu husema Toyota ina injini bora. Yule huapa kwamba Hyundai ndiyo yenye nguvu nyingi za farasi. Wa tatu huisifu Ford kwa bawa lake la nyuma. Kila mmoja ana sifa moja mdomoni, na kwa sifa hiyo moja hutoa hukumu. Nasema hukumu hiyo ni batili, nami nakuomba uzisikie sababu zangu.

Tuanze na injini. Kwa sheria ya mashindano, motokaa za daraja la juu zilizoshindana hapa kutoka mwaka 2021 hadi 2025 zote zilikuwa na injini ya ujazo mmoja, yaani lita 1.6. Tena Naivasha na Nakuru ziko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa kadiri ya sehemu moja katika sita, na injini inayopungukiwa na hewa haiwezi kutoa nguvu zake zote. Basi nguvu iliyopimwa katika karakana ya Ulaya si lazima iwe ndiyo nguvu ya Bonde la Ufa.

Historia nayo yashuhudia. Mwaka 1983 Audi Quattro ililetwa Kenya. Iliendeshwa na magurudumu yote manne, na hewa ilisukumwa kwa nguvu ndani ya injini yake. Ari Vatanen aliishinda kwa Opel Ascona 400, motokaa iliyoendeshwa na magurudumu mawili tu ya nyuma, isiyokuwa na msaada huo wa hewa. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Sasa tulitazame bawa. Kazi yake ni kuutumia upepo kuigandamiza motokaa chini isiteleze. Lakini kanuni ya upepo ni kali: mwendo ukipungua hadi nusu, mgandamizo hupungua hadi robo. Katika mchanga wa Kedong ulio laini kama unga, na katika kona zenye mawe, upepo una msaada mdogo. Mwaka 2023 motokaa ya Sébastien Ogier ilipoteza bawa la nyuma siku ya mwisho, naye akashinda vivyo hivyo kwa sekunde 6.7. Sisemi kwamba bawa ni pambo. Nasema halikuwa hakimu wa mashindano yale.

Ama kwa mipira ya magurudumu, hapo ubishi hauna hata mguu wa kusimamia. Hadi mwaka 2024 timu kubwa zote zilitumia mipira ya Pirelli. Mwaka 2025 zote zilipewa ya Hankook. Kiwanda ni kimoja. Kinachotofautiana ni busara ya kuchagua mpira mgumu au mlaini, na mkono wa dereva anayejua kulikwepa jiwe.

Je, ni nini basi kinachoamua? Ni kiungo kilicho dhaifu kuliko vyote. Mwaka 2021 Thierry Neuville wa Hyundai aliongoza mpaka asubuhi ya siku ya mwisho. Injini yake ilikuwa nzima, na nguvu zake hazikupungua. Katika njia ya Loldia shokamzoba ya nyuma ikavunjika, na ushindi ukaenda kwa Toyota. Mwaka 1968 motokaa 93 ziliondoka, zikarudi 7 tu. Je, zile 86 hazikuwa na injini?

Mpinzani wangu atasema: "Toyota ilishinda kila mwaka kutoka 2021 hadi 2025, hiyo si nguvu?" Ndiyo, motokaa dhaifu haishindi, wala sikatai. Lakini mwaka 2022, na tena mwaka 2023, Toyota nne zilishika nafasi nne za kwanza. Kitu gani huzifikisha motokaa nne pamoja katika njia inayovunja vyuma? Ni uimara wa kila sehemu, na kazi ya mafundi ambao jina lao halipigiwi kelele.

Nawe usidhani kwamba elimu hii ni ya wageni. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi kabla hajawa bingwa. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo kuukuu iliyokwisha kutumika katika mashindano, wakaitengeneza kwa mikono yao. Akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Katika Safari 22 alizoingia, alimaliza 19. Hesabu hiyo ya mwisho ndiyo ninayoistahi kuliko zote.

Kwa hiyo, kijana, utakaposikia motokaa ikisifiwa, uliza maswali matatu. Ilipimwa wapi? Ilifananishwa na nini? Na katika kuifananisha, je, kilibadilishwa kitu kimoja tu, au njia, mipira na dereva vilibadilika pamoja? Mtu abadilishaye mambo manne kwa mara moja, kisha akalisifu moja, hajapima kitu, amebahatisha. Somo la fizikia ulilonalo darasani latosha kumjibu.

Mabonde haya yametoa uwanja, vumbi na makofi kwa miaka mingi. Makofi hayaundi shokamzoba. Tukiendelea kubishana kwa majina ya viwanda, tutabaki kando ya njia tukihesabu motokaa za wenzetu zinavyopita. Tukijifunza kupima, huenda mmoja wenu akawa ndiye mjuzi wa kuieleza dunia kwa nini chuma kilivunjika Loldia, na kutengeneza kisichovunjika.