Bukavu: Umeme wa Ruzizi III, nani atamjibu raia wa Nyalukemba?

Wakaaji wa kata ya Nyalukemba, komini ya Ibanda, wanaishi kando ya ziwa Kivu, si mbali na mahali mto Ruzizi unapotoka na kwenda kuzungusha mitambo ya umeme. Hata hivyo wanazoea giza sawa na kata nyingine za mji. Dawa inayotajwa tangu miaka mingi ni bwawa la Ruzizi III, lenye megawati 206, upande wa Kamanyola na Bugarama. Lakini kabla ya kuhesabu megawati, kuna swali: umeme huo ukikosekana, au ukiwa ghali, raia atamuuliza nani?

Bwawa la Ruzizi I, la mwisho wa miaka ya 1950, linaendeshwa na SNEL. Ruzizi II, la mwaka 1989, liko chini ya SINELAC, shirika la Congo, Rwanda na Burundi lenye makao yake hapa Bukavu. Yote mawili ni mali ya serikali. Ruzizi III ni jambo lingine: ni ubia wa serikali na watu binafsi. Katika mpango wake, wawekezaji binafsi wanapewa asilimia 70 ya hisa, na kila nchi asilimia 10. Umeme utagawanywa sawasawa, na mashirika ya umeme ya nchi hizo tatu ndiyo yatakayoununua.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Serikali ya Congo ni mwenye hisa katika kampuni, ni mnunuzi kupitia SNEL, na ni yenyewe inayopaswa kuisimamia kampuni hiyo. Muuzaji, mnunuzi na mwamuzi wakiwa wa nyumba moja, mlalamikaji hajui abishe mlango gani. Mfano uko karibu: kwa miaka mingi SINELAC imeyadai mashirika yanayonunua umeme wake, na pesa zisipolipwa, matengenezo ya mitambo yanachelewa. Raia aliyelipa fakitira yake kila mwezi hakuonyeshwa deni hilo lilitokana na nini.

Uganda ilipitia njia hiyo kabla. Bwawa la Bujagali, megawati 250, lilimalizika mwaka 2012. Kati ya wawekezaji wake kulikuwa na IPS ya mtandao wa Aga Khan, ambayo imo pia katika Ruzizi III. Mkataba uliilazimu serikali kulipia hata umeme usiotumika, na bei ikawa mzigo. Wabunge wa Kampala walibishana hadharani kila msamaha wa kodi wa kampuni hiyo ulipoletwa mbele yao, na mwaka 2018 mikopo ya bwawa ilipangwa upya ili bei ishuke. Malalamiko hayakuisha, lakini watu walijua nani aulizwe, na aulizwe nini.

Congo haikosi sheria. Sheria namba 18/016 ya tarehe 9 Julai 2018 inahusu ubia wa aina hii. Amri ya tarehe 20 Mei 2011 inataka mikataba ya maliasili, kama madini, mafuta na misitu, itangazwe ndani ya siku 60. Maji ya Ruzizi nayo ni mali ya taifa, kwa hiyo haki hiyohiyo inafaa kudaiwa juu yake.

Tangu AFC/M23 iingie Bukavu Februari 2025, swali limekuwa gumu zaidi. Saini ya mkataba ni ya Kinshasa, lakini anayelipa umeme anaishi chini ya mamlaka nyingine. Vita visigeuzwe kisingizio cha kufunga faili: deni la mkataba halingoji amani.

Raia naye ana sehemu yake. Chupa za plastiki zinazotupwa ziwani kutoka Bukavu hufika Ruzizi I na kuziba mitambo. Anayedai hesabu atoe pia ya kwake.

Kwa sasa, mashirika ya raia yanaweza kudai mambo matatu kwa maandishi: bei ya kilowati iliyoandikwa katika mkataba, nani atalipa SNEL ikishindwa, na sehemu gani ya umeme wa Congo itabaki Kivu Kusini. Majibu hayo yatolewe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, kabla umeme wa kwanza haujauzwa.