Tezi na Omo: Kuitetea Hadithi ya Fumbo la Baharini

Wako walimu wenzetu washikiliao kwamba hadithi za upelelezi ni makombo ya fasihi, na kwamba zile za zama za kale zitukiazo baharini ni makombo ya makombo: si historia kamili, wala si riwaya kamili. Sisi hatukubaliani nao, na twaomba nafasi hapa tuseme kwa nini.

Kwanza, tukitazame chombo chenyewe. Wahenga walinena: kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mtu akienda nyuma ya chombo, akienda mbele, mwisho wake hurudi mle mle tumboni mwake. Katika methali hiyo mna siri yote ya mvuto wa hadithi hizi. Nchi kavu mwenye hatia hukimbilia mji wa pili. Baharini hana pa kukimbilia. Muuaji, shahidi na mpelelezi hula chungu kimoja, chini ya nahodha ambaye ndiye hakimu na ndiye serikali. Katika zama za matanga hapakuwa hata na simu ya upepo ya kuombea msaada. Hapo tabia ya binadamu haina pa kujificha.

Asemaye kuwa mambo haya ni mepesi na asome Rites of Passage, riwaya ya William Golding iliyopata Tuzo ya Booker mwaka 1980. Ndani ya manowari kuukuu iendayo Australia, mwanzoni mwa karne ya 19, kasisi mmoja anakufa. Msomaji anatafuta kisu au sumu. Anachokikuta ni aibu, na wengi chomboni wana fungu lao katika kifo kile. Je, hayo ni makombo?

Pili, twaambiwa kuwa hadithi hizi huipotosha historia. Neno hili lina ukweli, nasi hatulifichi. Tarehe 7 Novemba 1872 merikebu Mary Celeste iliondoka New York kwenda Genoa, ikiwa na mapipa 1,701 ya spiriti na watu 10: nahodha Benjamin Briggs, mkewe, binti yao wa miaka 2, na mabaharia 7. Mwezi uliofuata ilikutwa kati ya visiwa vya Azores na Ureno, haina mtu, na mashua yake haipo. Mahakama ya Gibraltar ilichunguza, isipate ushahidi wa uhalifu. Mwaka 1884 Arthur Conan Doyle akaitungia hadithi. Akaligeuza jina likawa Marie Celeste, akazirudisha mashua mahali pake, akamtia ndani abiria mwenye damu ya Kiafrika, auaye ili kulipiza kisasi kwa watu weupe. Mtu huyo hakuwamo kamwe chomboni! Hata hivyo, hata leo wengi hulitaja jina alilolibuni Doyle, wakalisahau la kweli.

Je, dawa yake ni kuifungia hadithi kabatini? La hasha! Dawa ni kuyaweka yote mawili mbele ya mwanafunzi, habari zilizothibitika upande huu na hadithi upande huu, kisha tumwulize: Ni nini kilichoongezwa? Nani aliyebebeshwa lawama, na kwa nini yeye? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza hivyo hatadanganywa upesi na gazeti, wala na kitabu cha historia kilichoandikwa na mgeni.

Tatu, ni haja ya lugha. Wengi wetu twafundisha bara, mbali na pwani. Wanafunzi wetu hukutana na omo, foromali, mkuku na ngama katika kamusi tu, kama majina ya wafu. Katika hadithi ya fumbo maneno hayo hufufuka, kwa kuwa asiyejua ngama ni wapi hatajua maiti imefichwa wapi.

Tena Kiswahili si kigeni katika kazi hii. Tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ilipochapishwa mwaka 1960, Bwana Msa ametuonyesha kuwa lugha yetu yaweza kupeleleza kwa akili na kwa madaha. Basi, walimu wenzetu, tusiwanyime vijana bahari kwa sababu ya majivuno ya darasani. Tuwapandishe chomboni, nasi tupande pamoja nao, tukiwa na maswali mikononi.