Viwavi jeshi: bei ya unga inaanzia shambani

Viwavi jeshi vamizi, wadudu wenye asili ya Amerika, waligunduliwa Afrika mwaka 2016 kisha wakaingia Congo. Kipepeo wao wa usiku hutaga mayai 100 hadi 200 kwa fungu moja juu ya jani la mahindi.

Kiwavi mchanga huuawa kwa urahisi. Mkulima anapita shambani mara mbili kwa juma, anaponda mayai kwa vidole na kutia majivu ao mchanga katikati ya majani. Akichelewa, kiwavi anazama ndani ya moyo wa mmea, na dawa ya kupuliza inamfikia kwa shida. Pesa ya dawa inapotea, mavuno yanapungua, na mama anayenunua unga Goma ao Bukavu ndiye analipa hasara hiyo.

Lakini kazi hii ya mikono, isiyodai franka hata moja, inataka mkulima awepo. Katika Rutshuru, Masisi ao Kalehe, anayekimbia vita mwezi mzima anarudi na kukuta mahindi yameliwa, vipepeo wamekwisha kuruka hadi kwa jirani.

Kugawa mbegu na dawa ni vema. Bila usalama wa kufika shambani, unga hautashuka bei.