Zimwi Lisilotujua

Wahenga walisema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Aghalabu methali hii hutumiwa kumkumbusha mtu kwamba taabu aliyoizoea ina nafuu kuliko ile asiyoijua. Leo nataka kuichukua kama ilivyo, nizungumzie mazimwi yenyewe, maana nilikutana nayo hivi majuzi huko Masalani, makao makuu ya Ijara, yakiwa yamepangwa safu juu ya mkeka wa dada yangu.

Yalikuwa mazimwi ya plastiki, mengi yao hayazidi urefu wa kidole. Jamaa yetu mmoja aishiye Marekani alikuwa ameyatuma ndani ya sanduku, pamoja na viatu na dawa za mzee. Palikuwa na joka jekundu lenye mabawa, jitu la jicho moja, na viumbe wengine ambao sikuweza hata kukisia ni wadudu au ni wanyama. Yote yalikuwa yamepakwa rangi kiwandani: damu penye meno, kutu penye mapanga, matope penye kucha. Mpwa wangu, mtoto wa miaka minane, alinishika mkono akaniuliza, "Abti, huyu anaitwa nani?" Nilikipindua kile kisanamu. Chini yake paliandikwa jina la Kiingereza ambalo sikuweza kulifasiri. Mimi niliyetunukiwa shahada ya uzamifu kwa sababu ya maneno, nilikosa neno.

Huenda msomaji hajapata kuviona vitu hivi. Ni vyombo vya mchezo uitwao Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Mmoja huwa msimulizi. Wengine kila mmoja hujitwalia shujaa wake. Msimulizi hueleza pango, msitu au mji; wachezaji husema mashujaa wao wanatenda nini; dadu ikaamua iwapo wamefaulu. Visanamu huwekwa mezani ili ionekane nani amesimama wapi na zimwi liko umbali gani. Kwa ufupi, ni ngano isimuliwayo na watu wengi kwa pamoja. Asiyeona udugu wa mchezo huo na moto wa jioni wa nyanya zetu hajapata kuketi penye moto huo.

Liko jambo moja katika historia ya mchezo huo linalonivutia mimi kama mtu wa isimu. Gygax alipokuwa akitafuta mazimwi ya kuweka mezani, alinunua vijisanamu rahisi vya plastiki vilivyotengenezwa Hong Kong, vya kuchezea watoto. Viumbe hao hawakufanana na mnyama yeyote ajulikanaye. Gygax na wenzake wakawapa majina na tabia: mmoja akawa mdudu agusaye chuma kikageuka kutu, wa pili akawa mla watu aibukaye kutoka ardhini mfano wa papa, wa tatu akawa dubu mwenye kichwa cha bundi. Hadi leo hao ni miongoni mwa mazimwi mashuhuri ya mchezo ule. Plastiki ilitoka dukani. Zimwi lilizaliwa pale lilipopewa jina.

Miaka mingi wachezaji walinunua visanamu vya madini visivyo na rangi, wakavipaka wenyewe kwa brashi nyembamba. Kisha mwaka 2003 kampuni ya Wizards of the Coast, yenye kuumiliki mchezo huo, ikaanza kuuza visanamu vilivyokwisha pakwa rangi, ndani ya masanduku yaliyofungwa ili mnunuzi asijue atapata zimwi gani. Ni rahisi na ni haraka, wala simlaumu anunuaye. Lakini methali nyingine husema kuwa kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Je, kinyago kilichochongwa, kikapakwa rangi na kupewa jina na watu wa mbali, kitakuwa na uhusiano gani na mtoto wa Ijara?

Sisi tuliokulia Ijara katika miaka ya 1980 tulicheza na ng'ombe wa udongo. Wenzetu wa kaskazini walijivunia ngamia. Huku kwetu ng'ombe ndio mali. Tuliwafinyanga kwa udongo wa ukingo wa Mto Tana, tukawapa pembe za miiba, na kila mmoja alikuwa na jina lake. Mazimwi hatukuyafinyanga. Hayo yalikuwa kazi ya ayeeyo, nyanya yetu, naye aliyaumba kwa maneno matupu.

Alitusimulia habari za Dhegdheer, mwanamke mla watu. Jina lenyewe ni maelezo: *dheg* ni sikio, *dheer* ni refu. Sikio hilo lilisikia nyayo za mtu aliye mbali. Alitusimulia pia habari za Qori Ismaris, mtu ajipakazaye kwa kijiti usiku akageuka fisi. Hilo nalo ni sentensi nzima iliyofungwa ndani ya jina: *qori* ni kijiti, *ismaris* ni kujisugua. Hatukuoneshwa picha. Kila mtoto alikuwa na Dhegdheer wake, na asubuhi tulibishana ni yupi wa kweli.

Waswahili nao wana mfano ulio bora zaidi. Katika ngano ya Sultani Majinuni, iliyochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 kutokana na masimulizi ya Unguja, paka wa sultani anaanza kula mifugo, mwishowe anakula watu na kuwa nunda. Mwana wa sultani anakwenda kumwinda. Kila auapo mnyama, anamletea mama yake akidhani ndiye, na kila mara mama anamwambia kuwa siye. Kijana hajapata kumwona nunda. Anaongozwa na maneno ya mama hadi ampate. Kwetu lugha ndiyo iliyokuwa kiwanda cha mazimwi.

Sasa turudi mkekani. Nilipokosa jibu, mpwa wangu hakungoja. Binti mmoja wa jirani alikishika kisanamu chenye masikio yaliyochongoka, akasema, "Huyu ni Dhegdheer." Nilifurahi mno, kwani alikuwa amefanya kile kile alichokifanya Gygax. Furaha yangu haikudumu. Watoto wengine watano walimwuliza kwa pamoja, "Dhegdheer ni nani?" Yeye peke yake ndiye aliyewahi kuishi na nyanya yake, huko Hulugho. Watoto hao watano wanazungumza Kisomali vizuri, lakini mazimwi ya Kisomali hayawajui, wala wao hawayajui.

Hapo ndipo penye msiba. Lugha haianzi kufa kwa kupoteza maneno ya maji na maziwa. Huanza kufa pale inapokosa kazi ya kufanya usiku. Na ikiwa Kisomali, lugha ya mamilioni ya watu, kinaweza kuingiwa na ufa huo Masalani, tuseme nini juu ya Kiaweer, lugha ya majirani zetu wachache wa msitu wa Boni? Ngano ya Kiaweer isiposimuliwa kizazi kimoja, haiko nchi nyingine itakayotuhifadhia.

Najua wako watakaosema kuwa sanamu hazifai katika nyumba ya Mwislamu. Suala la sanamu nawaachia wanazuoni. Nawakumbusha tu hadithi iliyomo katika mkusanyo wa Abu Dawud, kwamba Bibi Aisha alikuwa na vitu vya kuchezea, na kimojawapo kilikuwa farasi mwenye mabawa mawili ya vitambaa. Mtume alipoulizia farasi mwenye mabawa, Bibi Aisha alimjibu kuwa Nabii Suleiman alikuwa na farasi wa namna hiyo, naye Mtume akacheka.

Wengine watasema kuwa watoto wa Ijara wana vitisho vya kutosha. Ni kweli. Tangu mwaka 2015, serikali ilipoanzisha operesheni ya kijeshi katika msitu wa Boni, wako watoto walioijua milio ya risasi kabla ya kujua kusoma. Lakini hofu ya namna hiyo haina sura wala mwisho. Dhegdheer ana sura, ana jina, na katika ngano ya ayeeyo hufa, mvua ikanyesha, nchi ikawa kijani. Mtoto anahitaji kuona zimwi likifa.

Sipendekezi basi kuyachoma mazimwi ya plastiki. Napendekeza tuyapatie wenzao. Mtaala wa shule zetu unampa mtoto wa madarasa ya chini nafasi ya kufinyanga, na unamruhusu kujifunza kwa lugha ya mama. Mwalimu wa Masalani, Kotile au Sangailu ayaunganishe hayo mawili: amwalike mzee au bibi asimulie, kisha watoto wafinyange walichokisikia, wakipake rangi na kukitaja kwa Kisomali, kwa Kiaweer, kwa Kiswahili. Udongo wa Tana hauuzwi. Serikali ya kaunti itafute fedha za kuwalipa wasimulizi, kama inavyowalipa mafundi wengine.

Jamaa zetu walio ng'ambo nao wana la kuchangia. Mwaka 2007 huko Minnesota, Marekani, ngano ya Dhegdheer ilichapishwa kwa Kisomali na Kiingereza, kikawa kitabu cha picha kwa watoto wa wahamiaji. Walioondoka walitambua thamani ya zimwi lao upesi kuliko sisi tuliobaki. Sanduku lijalo lije na kitabu hicho.

Nilipoondoka Masalani, Dhegdheer wa plastiki alikuwa amesimama juu ya mkeka, na kando yake pamesimama kitu cha udongo, sikio moja limeanguka, kingali kibichi. Mpwa wangu alinikataza nisikiguse. Alisema huyo ndiye wa kweli.