ASKARI AKISHA KUVUA SARE

Askari akiwa vitani taifa zima humsifu. Akisha kuvua sare, mara nyingi husahauliwa. Ndiyo maana askari wa zamani huunda vyama vyao. Lakini chama si jina wala bendera. Chama ni mambo mawili: shabaha yake, na masharti ya kuingia. Mambo hayo yakipingana, hapana budi chama kitatetereka.

Mfano mzuri ni American Legion, chama cha askari wa zamani wa Marekani, kilichoanzishwa Paris mwezi Machi 1919 na askari waliokuwa wakingoja kurudishwa makwao. Shabaha zake zaeleweka: kuwakumbuka waliokufa, kuwatunza walemavu, wajane na yatima, na kuitetea katiba ya nchi. Katiba ya chama yasema pia kwamba humo hamna vyeo: jenerali na askari wa chini wakiingia mkutanoni ni sawasawa, na ni marufuku mtu kuitwa kwa cheo chake cha jeshi. Hapana mwanachama wa heshima. Tajiri ambaye hakutumika jeshini hawezi kuununua uanachama kwa fedha zake. Wanawake waliotumika vitani walikubaliwa tangu 1919, kabla wanawake wa nchi nzima hawajapata haki ya kura mwaka 1920.

Umoja huo ulizaa matunda. Harry Colmery, aliyepata kuwa kiongozi wa chama hicho, ndiye aliyeandika rasimu ya sheria iliyotiwa sahihi na Rais Roosevelt tarehe 22 Juni 1944. Hadi kufikia 1956, askari wa zamani wapatao milioni 7.8 walikuwa wamepata masomo au mafunzo ya kazi kwa sheria hiyo. Hayo hayakutoka kwa hisani ya mtu. Yalidaiwa na watu waliojipanga.

Hata hivyo sifa hizo zina doa. Katika majimbo ya Kusini, askari Weusi walikataliwa katika matawi ya Wazungu. Risasi ya adui haikuwa imewabagua, lakini ndugu zao wa vitani waliwabagua.

Kulikuwa na kizuizi kingine, nacho ni kalenda. Aliyetaka kuingia ilimpasa awe ametumika katika siku zilizotangazwa kuwa za vita. Aliyeandikishwa mwaka 1976 akamaliza mwaka 1980 aliambiwa kwamba yeye hakutumika wakati wa vita. Mwezi Aprili 1980 askari 8 wa Marekani walikufa katika jangwa la Irani walipokwenda kujaribu kuwaokoa mateka. Siku ile haikuwamo katika kalenda ya vita! Je, mauti yao yalikuwa ya amani?

Watakuwako wanaosema kwamba masharti makali hulinda heshima ya waliokabili hatari. Hoja hiyo ina uzito. Kiko chama kingine huko Marekani ambacho hata leo huwapokea wale tu waliotumika katika vita vya ng'ambo. Lakini askari hachagui vita wala tarehe. Yeye huapa, hutii, na hukaa tayari. Kuwa tayari ndiyo kazi yake, na kazi hiyo ndiyo yastahili kupimwa.

Sheria iliyotiwa sahihi tarehe 30 Julai 2019 iliuondoa ukuta huo: sasa mlango u wazi kwa kila aliyetumika kwa heshima tangu tarehe 7 Desemba 1941. Hapana shaka kupungua kwa wanachama kulisaidia kuwafumbua macho viongozi, kwani mwaka 1946 walizidi milioni 3, na leo hawafiki milioni 2. Hata hivyo haki iliyochelewa miaka 100 ni heri kuliko dhuluma isiyokoma.

Kila mfanyakazi aliye katika chama chochote na ajifunze hapa. Usiridhike kusoma shabaha peke yake, kwa maana shabaha huandikwa kwa maneno matamu. Soma na masharti ya uanachama, uone ni nani aliyeachwa nje, na uulize sababu.