V8 za Kizamani: Shida si Injini, Shida ni Tairi

Dodge walifunga hesabu ya Challenger ya V8 mwisho wa 2023, Chevrolet nao wakazima Camaro baada ya modeli ya 2024. Lakini huko Marekani, zile moti za misuli za miaka ya '60 na '70 bado ziko kwa lami. Msee anaendea kazi nayo wiki nzima, wikendi anaipeleka dragi, robo maili, mguu chini.

Mtihani wenyewe ni Drag Week ya jarida la Hot Rod, iliyoanza 2005. Siku tano za mbio, karibu maili 1,000 za barabara ya kawaida katikati, na gari la kukufuata na spea haliruhusiwi. Hapo ndio unajua kumbe kuwa na injini kubwa ni nusu ya story. Nusu ingine iko nyuma yake: klachi, gia boksi, propela, difu na hafshafti.

Cheki hii hesabu. Chevelle SS 454 ya 1970, yenye injini ya LS6, kiwanda kilisema iko na farasi 450 na nguvu ya kuzungusha ya Nm 678 hivi. Gia ya kwanza ya Muncie, 2.20, inaizidisha mpaka karibu Nm 1,490 kwa propela. Difu ya 4.10 nayo inaifikisha zaidi ya Nm 6,100 kwa magurudumu. Hiyo ni mingi manze!

Sasa mbona haikuvunjika ikitoka dukani? Kwa sababu tairi za wakati huo zilikuwa nyembamba, zinateleza mapema. Ule moshi wote ulikuwa fyuzi: tairi inaachilia kabla chuma hakijaumia.

Ukifunga sliki, zile tairi kipara za mbio, zinashika lami kama gundi. Ni kama umetoa fyuzi ukaweka waya. Farasi ni wale wale, lakini mzigo wote sasa unashuka kwa krosi za propela, meno ya difu na hafshafti. Ndio maana sheria za NHRA zinataka gari la sekunde 13.99 kushuka chini, likiwa na sliki, lifungwe pete ya chuma ya kudaka propela ikikatika. Likiwa na tairi za barabara, hiyo pete inaanza kudaiwa kwa sekunde 11.49. Tairi tu ndio zimebadilika, buda.

Mambo mawili huharakisha kifo. Moja ni kuachilia klachi ghafla injini ikinguruma: uzito wa flaiwili unapiga gia kama nyundo. Otomatiki kama Turbo 400 hulainisha kile kishindo, ndio wengi huipenda. Pili ni tairi kurukaruka: inashika, inaachilia, inashika tena. Hafshafti haziwezani na hizo ngumi. Dawa ni kuzuia springi za nyuma zisijikunje.

Na hii si story ya mfuko pekee. Difu za Chevrolet za bolti 10 na 12 hushikilia hafshafti kwa kipini kidogo umbo la C, ndani kabisa. Hafshafti ikikatika, gurudumu linaweza kutoka na kukuacha ukiwa spidi. Kwa hivyo wenye wako serious huweka Ford ya inchi 9 ama Dana 60, na hafshafti ngumu zaidi.

Kama ndai bado ni ya kuendea kazi, mpangilio ni rahisi: imarisha nyuma kwanza, halafu sliki, farasi zaidi zije mwisho. Ama ubaki na tairi za barabara, upoteze muda kiasi kwa dragi, lakini Jumatatu ufike job na gari lako mwenyewe.